Mtumbwi wa Plastiki na Kilo za Ta Byabato

Tangu nistaafu, Muganyizi amenipigia simu mara nyingi hadi mume wangu ameanza kuuliza kama kweli nilistaafu au nilihamisha tu kiti kutoka dukani kuja barazani. Swali ni lile lile, anabadilisha mteja tu: "Ma Kemi, kuna mtu hapa anataka kayaki ya kuvulia, ya kwenda nayo ziwani. Nimpe ipi?" Mimi namuuliza, "Ana kilo ngapi?" Hapo anashusha sauti kama yuko kanisani na kusema, "Sijamuuliza." Basi nimeona niyaandike haya mara moja, kwa ajili yake na wenzake waliobaki pale dukani, halafu niachwe nipalilie migomba yangu kwa amani.

Sitaeleza nilianza na mshahara gani wala lini niliitwa msimamizi. Mambo hayo hayaelei majini. Nitaeleza ya vyombo na watu wanaopanda ndani yake, maana ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote hapa Bukoba, katika duka la vifaa vya uvuvi la Mzee Habibu, lile lililo kwenye mtaa unaoteremka kuelekea ziwani.

Siku ya kwanza nilikuja kutoka kwetu Kashozi nikiwa nimevaa sketi ya kanisani, na cheti changu cha shule ndani ya bahasha. Nilidhani nitakaa mezani niandike risiti. Mzee Habibu alikuwa Mwislamu wa mjini. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye mwenyewe pwani hajawahi kufika na hakuwa na mpango huo. Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu, ila akikasirika alirudi kwenye Kiswahili. Aliitazama ile bahasha bila kuifungua.

"Weka mahali pasipolowa," akasema. "Halafu njoo."

Akanipeleka ufukweni, penye mtumbwi wa mbao uliofungwa kwenye maji ya magotini, na kando yake magunia ya mchanga. Akaniambia nipakie mpaka atakaposema basi. Nikakunja sketi, nikapakia. Kila gunia lilipoingia, yeye alichora mstari wa chaki pale maji yalipofika ubavuni mwa mtumbwi. Nilingoja aseme basi. Hakusema. Nikaendelea kupakia kwa heshima ya mtoto aliyelelewa vizuri, mpaka maji yakaingia, mtumbwi ukakaa chini, na mimi nikakaa nao.

"Mbona hukusema basi?" nikamuuliza, sketi ya kanisani ikiwa imeshakuwa kitambaa cha kudekia.

"Ziwa nalo halisemi," akajibu.

Kisha akaniuliza ni gunia lipi lililouzamisha. Nikasema la mwisho, jibu ambalo kila mtu hulitoa. Akatikisa kichwa. Akaniambia tuuvute mtumbwi nje, tukamwaga maji, akanionyesha mstari mmoja wa chaki uliokuwa chini sana ya ukingo. Akasema mtumbwi ulishazama tangu pale, ulikuwa unangoja wimbi tu. Sehemu iliyobaki kutoka mstari ule kwenda juu si mahali pa mzigo, ni mahali pa mawimbi, na mawimbi ya ziwa letu huja bila kupiga hodi. Kwa kukadiria, chombo chochote kinachokwenda nje kwenye maji mapana kipewe theluthi mbili ya kile kinachoweza kubeba, na theluthi moja aachiwe mwenye ziwa. Hayo ndiyo masomo yangu yote. Yaliyofuata yalikuwa ni kuyarudia kwa watu wasiotaka kuyasikia.

Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa chaki, kipande cha kamba, na mizani ya kuning'iniza yenye ndoana, ambayo Mzee Habibu aliitunza vizuri kuliko kanzu yake ya Idi. Tulipima kila kitu: nanga, nyavu zikiwa kavu, nyavu zile zile zikiwa zimelowa. Mnaocheka kuhusu nyavu, nendeni mkapime. Wavu uliolowa ni kitu kingine kabisa, na mtu anayepigia hesabu wavu mkavu anapiga hesabu ya safari ya kwenda tu.

Jambo hilo nililielewa vizuri tulipopeleka mitumbwi kisiwani Goziba. Kule hakuna njia nyingine isipokuwa boti, kwa hiyo kila kinachokwenda kinakwenda majini: unga, kreti za soda, magodoro, majiko, na safari ile mbuzi mmoja aliyekuwa na msimamo wake. Nahodha aliuliza abiria mmoja mmoja, "Mzigo wako?" na kila mmoja alijibu, "Kidogo tu." Zile kidogo tu zilipokusanyika, Mzee Habibu alishuka kwenye boti, akaketi juu ya nanga iliyokuwa ufukweni, akasema yeye atasubiri ya kesho. Nikashuka naye. Boti ile ilifika salama, nisije nikawadanganya, na wenyewe walitucheka wiki nzima. Hakujali. Aliniambia kufika si ushahidi wa kitu chochote.

Tangu hapo sikuuliza tena mteja anabeba nini. Nilimuuliza atarudi na nini. Kwetu hapa hilo ndilo swali lenyewe, maana Mhaya hamwachi mgeni arudi kwao mikono mitupu. Kulikuwa na bwana mmoja wa upande wa Muleba, msimamizi wa vizimba vya samaki, aliyechukua kwetu chombo cha kwendea kulisha samaki wake. Hesabu yake ilikuwa safi: yeye mwenyewe na mfuko wa chakula cha samaki. Jumapili moja akakitumia kuvuka ghuba kumsalimia dada yake. Dada akampa mkungu wa ndizi. Shemeji akaona aibu kuzidiwa, akaongeza wa pili na jogoo. Bwana yule alirudi amekalia maji, miguu imepanda juu ya ndizi, na jogoo amesimama puani mwa chombo akiwa ndiye pekee aliyekauka. Alikuja kutulaumu. Nilimwambia chombo hakina kosa, kosa ni kwamba ana ndugu wema.

Baadaye Mzee Habibu alitangulia mbele ya haki, na mwanawe akaleta kayaki za plastiki. Mitaani waliziita mabeseni. Wavuvi walikuja kuzigonga kwa vidole, wakauliza kama zinakuja na sabuni. Lakini polepole zikapata wenyewe: watu wa vizimba, watu wa hoteli, na zaidi ya wote wastaafu wanaotaka kutoka asubuhi na ndoana zao kutafuta sato bila kumwomba mtu nafasi. Hawa ndio mtakaowapata kila siku, na hawa ndio wagumu, kwa sababu wamekuwa wakubwa wa ofisi au wakuu wa shule na hawajaulizwa swali la moja kwa moja kwa miaka mingi.

Ubavuni mwa kila kayaki kuna kibandiko chenye namba ya uzito. Msimsomee mteja namba ile kama neno la Injili. Namba ile ni ya maji yaliyotulia, maji ya bwawa la hoteli, na ndani yake kimo kila kitu: mtu, nguo zake, kiti kilichoongezwa, kasia, jaketi la kujiokolea, boksi la barafu, nanga, maji ya kunywa, na samaki anaowaombea Mungu. Pigeni hesabu ya vyote, muone kama vinakaa ndani ya zile theluthi mbili. Visipokaa, mpeni kubwa zaidi. Halafu tazameni umbo. Kayaki fupi na pana haiyumbi ovyo, ila kwenye mawimbi inapigwa kila upande na kumchosha mwenye makasia. Ndefu inapita vizuri, lakini mtu wa mwili mkubwa akipewa iliyo nyembamba hatakaa kwa raha. Kiti kilichoinuliwa ni kizuri kwa mgongo na ni kibaya kwa usawa. Kadiri mtu anavyokaa juu ndivyo anavyopinduka kwa urahisi. Na ile tabia ya kurundika kila kitu nyuma ya kiti, muikataze kwa ukali. Mkia ukizama, pua inanyanyuka, upepo unaikamata, na mtu wa Bukoba anaelekea kwingine bila nauli.

Sasa nifike kwa Ta Byabato, ambaye Muganyizi ameniruhusu nimweleze ingawa Muganyizi mwenyewe yumo katika kisa hicho.

Ta Byabato, yaani Mzee Byabato kwa Kihaya, ni mkulima wa kahawa na ndizi wa Kishanda, mtu mzima mwenye mwili wa kuheshimika. Alipowaachia watoto shamba, alitangaza kwamba sasa atavua samaki. Mwanawe Audax, anayefanya kazi Dar es Salaam, akapiga simu dukani kutaka kumnunulia baba kayaki. Muganyizi ndiye aliyepokea. Audax akauliza ile aliyoiona kwenye picha inabeba kiasi gani. Muganyizi akajibu kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu: "Hiyo inabeba magunia mawili ya kahawa bila wasiwasi."

Sisi huku tunapima dunia nzima kwa magunia ya kahawa. Nimemsikia mtu akieleza ukubwa wa jeneza kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba gunia la kahawa safi na gunia la maganda, ile kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, ni vitu viwili, na mkulima akisikia gunia anaona lile lake alilolishindilia kwa mguu mpaka likawa na shingo. Tena gunia lililolala chini halina habari na mtu. Halikai wima, haligeuki kutafuta chupa ya maji, wala halisimami kushangilia samaki. Audax akampa baba yake ile habari ya magunia mawili, baba akajitazama, akaona yeye hajafika magunia mawili, na kayaki ikalipiwa.

Kabla ya siku ya kuichukua, alikuja dukani mkewe, Ma Odilia. Alikuja peke yake, akasema nyumbani ameaga kwamba anakuja mjini kununua dawa. Alinipa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, kama mtu anayetembelea nyumba ya watu, akaketi, akatazama kayaki zilizoning'inia ukutani.

"Ma Kemi, waitu," akaniambia kwa heshima ya Kihaya, "mimi nilizaliwa mwaloni, penye boti za wavuvi, Muleba kule, kabla sijaolewa Kishanda. Nalijua ziwa. Kaka yangu aliondoka na wenzake kwenye mtumbwi waliousifia kwamba unabeba. Tuliletewa kasia lake. Kasia tu. Mama yangu alilala nalo."

Nikamwambia pole. 

"Sikuja kukwambia umnyime," akaendelea. "Nikimkataza atakwenda kwa kujificha, namjua. Ila huyu ni mzee wangu, sina mwingine. Usimpe kitu kisichomtosha. Niahidi."

Nikamwahidi. 

Siku yenyewe walikuja wote wawili. Ma Odilia alinisalimu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuniona, na mimi nikamjibu vivyo hivyo. Tungeweza kuigiza redioni. Ta Byabato alikuwa amevaa kofia mpya ya majani mapana, ana fimbo ya kuvulia na boksi la barafu, na gari la kumpelekea kayaki lilikuwa linasubiri nje. Nikamkalisha, nikamuuliza kwa upole ana kilo ngapi.

"Tisini," akajibu haraka sana.

Nimepima vitu maisha yangu yote. Kile kiti alichokalia hakikukubaliana na tisini. Ma Odilia aliangalia dari. Nikamwomba mzee tuingie stoo nimwonyeshe makasia, na huko ndani akanishika mkono.

"Ma Kemi, usiniharibie. Daktari aliniambia nipunguze mwili, presha imepanda. Mama Audax ananipikia maboga na mchicha. Nimemwambia nimeshafika tisini. Amefurahi mno."

"Na ukweli ni ngapi?"

"Ukweli siujui. Niliacha kupima tangu nilipogundua kitimoto, ile nyama ya nguruwe ya Jumamosi pale Muleba mjini."

Kwa hiyo nikawa nimebeba siri ya mke upande mmoja na siri ya mume upande mwingine, na mwanamume wa kwenda ziwani katikati. Nilimwambia jambo moja tu: kwamba twende tukaijaribu kwenye maji, nione inavyokaa.

Ziwa lilikuwa limetulia asubuhi ile, zuri kabisa, la kumdanganya mtu yeyote. Tuliisukuma kayaki mpaka maji ya magotini, Muganyizi akaishika, Ta Byabato akaketi. Kayaki za aina ile zina matundu sakafuni ya kutolea maji yanayorushwa na mawimbi. Chombo kikiwa na mzigo wake wa halali, maji yanashuka kupitia matundu yale. Kikizidiwa, yanapanda. Yalipanda. Yalimzunguka mzee kiunoni kwa utulivu mkubwa, kama maji ya kuogea mtoto.

"Matundu haya yana kasoro," akasema. "Yazibeni."

Nikamweleza kwamba kuyaziba hakuongezi chombo nguvu hata kidogo, ni sawa na kuzima taa ili usione moshi. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshageuka kuchukua boksi lake la barafu lililokuwa nyuma. Bega likaenda, kiuno kikafuata, kayaki ikalala ubavu, na Ta Byabato akaingia ziwani na fimbo yake mkononi. Muganyizi naye akaenda chini kwa mshikamano. Kofia mpya ikaelea, ikaanza safari yake kuelekea Uganda.

Mzee alisimama akitiririka maji na kucheka kwa sauti, na watu waliokuwa ufukweni wakacheka naye, na nakiri hata mimi nilicheka. Kisha nikamwona Ma Odilia. Alikuwa ameketi mchangani palepale aliposimama, kitenge chote kimechafuka, anaitazama ile kofia inayokwenda. Hakuwa analia. Alikuwa anaitazama tu. Kicheko kikanikauka.

"Nimeteleza," Ta Byabato akasema aliporudi nchi kavu. "Nitazoea. Pakieni kwenye gari."

Nikamwambia ipo nyingine, ndefu na pana zaidi, na kwamba Audax mwenyewe alishaniambia kwa simu kuwa isipofaa tuibadilishe. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Nimwambie nini mtoto? Kwamba baba yake ni mkubwa kuliko zawadi yake? Kijiji kizima kinajua ninachokuja kuchukua. Pakieni."

"Ta Byabato, kwanza upande kwenye mizani."

"Nimekwambia tisini."

"Umeniambia. Sasa na mizani iniambie. Duka hili halitoi chombo cha kwenda nje ziwani kwa mtu ambaye hajapimwa."

Mizani yetu ya kuning'iniza haikufaa kwa mtu, hata kama wengine ningependa kuwatundika. Lakini jirani yetu ni mnunuzi wa kahawa, na mlangoni pake kuna mizani ile kubwa ya chini, yenye bamba pana la kuwekea magunia. Wakulima walikuwa wamejaa pale na mizigo yao. Ta Byabato aliitazama, akawatazama wale watu, wengine wakimfahamu kwa jina, akasema hata kwa viboko hapandi. Kayaki imelipiwa, ni mali yake, na akitaka ataibeba kichwani mpaka Kishanda.

Hilo lilikuwa kweli. Ilikuwa mali yake. Ningeweza kusimama mlangoni na kupiga kelele, lakini sheria ya duka haina mikono ya kumshika mtu, na dereva alikuwa ameshashuka kufungua kamba. Nilimwahidi mwanamke yule, na ahadi ilikuwa inapandishwa garini mbele ya macho yangu. Niseme wazi: niliogopa. Nimeuza vyombo vingi, na sijawahi kuogopa kama pale.

Ma Odilia akaja kutoka ufukweni. Hakujifuta mchanga. Alipita katikati ya wale wakulima, akasimama kando ya mizani, akamwita mumewe.

"Baba Audax."

"Naam."

"Mkanda wako, nani anautoboa matundu?"

Mzee akajishika kiunoni bila kujua. "Fundi viatu."

"Fundi gani? Ni mimi. Unapolala nachukua msumari, nauweka motoni, natoboa. Mwaka huu nimeshatoboa matatu. Na yote yanakwenda nje, hakuna hata moja lililokwenda ndani."

Mtu mmoja kwenye foleni ya kahawa alicheka, mwenzake akamkanyaga mguu.

"Kumbe unajua," Ta Byabato akasema.

"Tangu Pasaka najua. Sikukuuliza kwa sababu ulikuwa unafurahi kuniambia." Sauti yake ilianza kutetemeka, akaiacha itetemeke. "Hao madaktari nitagombana nao mimi. Kitimoto tutagombana mimi na wewe, nyumbani. Lakini ziwa huligombezi. Ukiliambia tisini litachukua tisini, na zile ulizoficha litazichukua pia. Mimi sijali una kilo ngapi, Baba Audax. Nataka zote zirudi nyumbani."

 Ta Byabato alibaki ameinamisha kichwa, maji ya ziwa bado yanamdondoka. Kisha akainama, akaanza kuvua viatu, ule ujanja wa mwisho wa kila mtu anayepimwa.

"Vaa," Ma Odilia akamwambia. "Ziwani huendi peku."

Akavivaa. Bila kuambiwa akachukua na boksi lake la barafu, na fimbo, na jaketi la kujiokolea ambalo Muganyizi alimpelekea, akapanda kwenye bamba la mizani. Nikasogea kusoma. Ma Odilia akageuka, akaipa mizani mgongo, akatazama upande wa barabara.

"Namba sina haja nayo," akasema. "Niambie tu, Ma Kemi. Ipo inayombeba?"

Nikasoma. Nikapiga hesabu yangu, nikaacha nafasi ya mawimbi na nafasi ya mkungu wa ndizi.

"Ipo," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, bila kugeuka. Nilikuwa nimeshamaliza kusoma na Muganyizi ameshakwenda kuishusha ile kayaki kubwa, na Ta Byabato bado alikuwa amesimama palepale juu ya mizani, boksi mkononi, anautazama mgongo wa mkewe.